Somo la Redio: Kahawa, Mizani na Stakabadhi

Fungueni madaftari yenu, lakini kalamu wekeni chini kwanza. Leo tutasikiliza kabla ya kuandika.

Mkulima wa Machame au Marangu ana kihamba kidogo: migomba juu, mibuni chini yake, na mfongo wa maji ukipita kando. Magunia yake mawili ya kahawa hayawezi kusafiri peke yake mpaka Ulaya. Akimwuzia mchuuzi apitaye njiani, atapata bei aipendayo mchuuzi. Basi afanyeje?

Mwaka 1925 wakulima Wachaga waliunda chama chao, maana walowezi wa Kizungu walitaka Mwafrika akatazwe kupanda kahawa. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, chenye makao Moshi. Chini yake palikuwa na vyama vya msingi, huko huko mlimani. Ulipeleka kahawa chamani, ikapimwa, ukapewa stakabadhi na malipo ya kwanza. Kahawa ikiisha kuuzwa, ukangojea malipo ya pili.

Je, mambo yalikuwa mema siku zote? La. Iliwekwa amri kwamba kila mtu auze kwa chama hicho tu. Bei ikashuka, na mwaka 1937 fujo ikatokea mlimani. Chama kilikuwa chao wenyewe, lakini walikiona kama kodi!

Tena mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na kahawa ikanunuliwa na mamlaka ya Serikali. Mkulima akakosa mkutano wake wa kuuliza, "Fedha zetu ziko wapi?" Ndipo sheria ya mwaka 1982 iliporudisha vyama.

Labda mwauliza, hayo yahusu nini na kusoma? Yahusu sana. Katika mkutano wa chama hesabu husomwa mbele ya wanachama. Asiyejua tarakimu hupiga makofi tu, kisha hurudi nyumbani kulalamika.

Haya, shikeni kalamu. Mizani yaonyesha kilo 84. Karani, kwa haraka au kwa hila, ameandika 48. Andika tarakimu zote mbili. Mkulima amepungukiwa kilo ngapi? Mwalimu wa darasa atasahihisha. Wiki ijayo kila mmoja alete stakabadhi moja kutoka nyumbani, hata ya zamani, tuisome pamoja.