Utani, Picha za Mtandaoni na Akili Unde: Mfano wa Waluguru

Swali linalotushughulisha hapa ni hili: je, kompyuta inaweza kutambua hisia iliyomo katika picha ya mzaha inayosambazwa mtandaoni, yaani mimu?

Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Facebook walitoa mkusanyo wa mimu zipatazo 10,000 ili kupima iwapo mashine hutambua chuki. Binadamu walipata usahihi wa asilimia 84.7, programu bora waliyoijaribu wakati huo ilipata asilimia 64.7. Ugumu ulitokana na umbo lenyewe la mimu. Picha peke yake haina ubaya, na maneno peke yake hayana ubaya, bali maana huzaliwa vinapokutana. Tangu hapo programu zimeendelea sana katika kuunganisha viwili hivyo. Hata hivyo, kwa msemaji wa Kiswahili kuna jambo la tatu ambalo halionekani katika picha wala katika maneno, nalo ni uhusiano.

Tutazame Waluguru wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Utani wao ulipata makala yake mahususi mwaka 1963, pale mwanaanthropolojia James B. Christensen alipoueleza katika jarida la American Anthropologist, akiuhusisha mzaha na wajibu wa kijamii. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mtani humtolea mwenziwe maneno ambayo yangetamkwa na mtu mwingine yangezua ugomvi. Msibani, wengine wanapolia, yeye hufanya mzaha, na wakati huohuo hushika kazi za mazishi. Tusi lake ni faraja, kwa kuwa linatoka kwa mtu mwenye haki ya kulitoa na mwenye deni la kusaidia.

Sasa tuchukue mimu ya aina inayofahamika sana nchini: Yanga imefungwa na Simba, na picha ya jeneza lenye rangi za kijani na njano inasambazwa ikiwa na maneno “Poleni wafiwa”. Mashine inayosoma dalili za nje itaona jeneza, itasoma “poleni”, kisha itaamua kwamba hii ni huzuni. Mtanzania atacheka, maana anajua kwamba klabu hizo ni watani wa jadi. (Mshabiki wa Yanga naye atacheka, ila kesho yake.)

Je, data zetu zinasaidia? Mkusanyo wa AfriSenti wa mwaka 2023 una jumbe zaidi ya 110,000 za Twitter katika lugha 14, Kiswahili kikiwamo, zilizoainishwa na wasemaji wa lugha husika kuwa chanya, hasi au za kati. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini mpangilio huo hauna nafasi ya kuandika nani anamwambia nani. Athari yake si ndogo pale programu zinapokabidhiwa kazi ya kuondoa matusi mtandaoni: utani halali huweza kufutwa, na chuki ya kweli ikapita kwa kuvaa joho la utani.

Tusiilaumu mashine peke yake. Mimu ikishatumwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi la tatu, huwa imeuacha nyuma uhusiano uliyoizaa, na hapo hata Mluguru aliyekulia katika utani hulazimika kuuliza kwanza imetoka kwa nani.