KARTERI MOJA, VIPIMO VINGI: MKONO WAKO UKO WAPI NDANI YA TABLO?



Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya kofia ya kazi, vumbi, maji safi na malaria. Leo tuzungumze juu ya ordinatere ya ofisi ya michoro. Wengine watauliza: munganga anatafuta nini huko? Jibu ni fupi. Kidole kilichosagwa na puli kinaletwa dispensari, lakini karteri iliyokiruhusu kupita ilichorwa mahali pengine, siku nyingi kabla.

Tuangalie kwanza kitu chenyewe. Mkanda wa kupeleka mawe, ule tunaouita konvoyeri, unazunguka juu ya puli. Pale mkanda unapoingia kwenye puli ndipo pabaya, kwa sababu mkanda unavuta na puli haiachi. Tuseme mkanda unakwenda mita 2 kwa sekunde. Tangu mtu ashtuke mpaka msuli uanze kurudisha mkono, inapita robo ya sekunde hivi. Katika robo hiyo mkanda umekwisha kwenda nusu mita, na nusu mita ni kutoka ncha ya vidole mpaka kupita kiwiko. Ndiyo maana kumwambia mtu awe mwangalifu hakutoshi. Tunaweka karteri, yaani kifuniko cha wavu wa chuma cha kumkinga mtu.

Sasa, mikanda haina upana mmoja. Katika vipimo vya kawaida kuna milimita 500, 650, 800, 1000, 1200 na 1400. Karteri ya kushoto si ya kulia. Tena magazini inaweza kuwa na wavu wa tundu la milimita 10, wa 20 na wa 40. Fanya hesabu: upana 6, mara pande 2, mara nyavu 3, ni karteri 36 za namna mbalimbali. Zamani desinatere alikamata penseli na karatasi ya kalki akachora moja moja, au alichora tatu na kuacha atelie ikisie zilizobaki.

Ordinatere imebadilisha kazi hiyo. Katika mwaka wa 1963, kule Marekani, Ivan Sutherland wa chuo cha MIT alionyesha programu yake ya Sketchpad, ambamo mistari ilishika masharti: huu uwe sambamba na ule, huu uwe na urefu sawa na ule. Katika mwaka wa 1988 programu ya Pro/ENGINEER ilileta njia ya namna hiyo katika uchoraji wa vipande vya mashine, na SolidWorks ikafuata katika mwaka wa 1995. Leo iko pia FreeCAD, ambayo hailipiwi hata franga moja. Wazo lao ni moja. Kipimo si namba iliyoandikwa tu juu ya mchoro. Kipimo ni jina lenye namba ndani yake. Ukiandika kwamba upana wa mkanda ni 800, mchoro unajengwa hivyo. Ukifuta na kuandika 1000, mchoro wote unajijenga upya.

Fundi wa nguo anaelewa jambo hili upesi. Shati la baba na shati la mtoto yote yana shingo, mikono na mfuko. Vipimo ndivyo vinavyobadilika. Lakini fundi mwenye akili hakuzi kifungo kwa sababu shati limekua. Yako mambo yanayofuata mwili, na yako yanayobaki palepale. Katika karteri, upana unafuata mkanda. Tundu la wavu halifuati mkanda hata kidogo. Linafuata kidole, na kidole cha mtu wa mkanda wa 500 ni kilekile cha mtu wa mkanda wa 1400.

Ili kutoa namna nyingi kwa haraka, programu hizi zinatumia tablo. Kila mstari wa tablo ni karteri moja, kila safu ni kipimo kimoja. Desinatere anachora karteri moja tu, halafu tablo inazaa zingine. Siri ya tablo nzuri ni kuwa na vipimo mama vichache, na vingine vyote kuwa watoto wanaohesabiwa kutoka kwa mama. Kwa karteri yetu mama ni watatu: upana wa mkanda, upande, na tundu la wavu. Urefu wa fremu, hesabu ya mabulo, nafasi kati ya bulo na bulo, hayo yote yajihesabu. Na vipimo vipewe majina ya watu: «upana_mkanda», «tundu_wavu». Nimeona tablo moja yenye safu d1 mpaka d43. Aliyeitengeneza alipokwenda likizo hakuna aliyethubutu kuigusa.

Hapa ndipo munganga anaingia. Kuna kipimo kimoja ambacho katika tablo nyingi kinaachwa kijazwe kwa mkono: umbali kati ya wavu na kitu kinachozunguka. Kanuni ya dunia, ISO 13857, inasema umbali huo unategemea ukubwa wa tundu. Kwa tundu la mraba, ni hivi. Tundu linalozidi milimita 8 mpaka 10, wavu ukae angalau milimita 25 kutoka kwenye hatari. Likizidi 10 mpaka 12, umbali ni 80. Likizidi 12 mpaka 30, ni 120. Likizidi 30 mpaka 40, ni 200. Likizidi 40 mpaka 120, ni 850.

Tazameni namna namba zinavyoruka. Kwa tundu la 10 kidole kinakwama karibu na kifundo chake. Kwa tundu linalozidi 40 hakuna tena kinachozuia; mkono wote unapita mpaka bega, na 850 ndio urefu wa mkono. Na hizo ni namba za tundu la mraba. Likiwa tundu refu kama ufa, ni kali zaidi: ufa wa milimita 25 unadai 850, ambapo mraba wa 25 unadai 120, kwa sababu kiganja kilicholala bapa kinapenya ufa. Tena hesabu hizi ni za watu wa miaka 14 na zaidi. Mtoto anayemletea baba chakula mkono wake ni mwembamba, na kanuni hiyo ina tablo nyingine kwa ajili ya watoto. Lakini mimi nasema mtoto abaki nje ya uzio.

Sasa fikirini hivi. Wavu wa 10 umekwisha magazini, umebaki wa 50. Mtu anafungua tablo, anafuta 10, anaandika 50. Ordinatere inatii. Mchoro unajijenga upya, safi, hakuna alama nyekundu. Umbali umebaki 25 kama ulivyokuwa, kwa sababu hakuna aliyeigusa safu yake. Atelie inatengeneza, inapaka rangi ya manjano, inafunga. Mfanyakazi anaiona karteri, anaiamini, anakaribia kuliko ambavyo angekaribia puli iliyo wazi. Kwa maoni yangu karteri ya namna hiyo ni mtego.

Dawa yake si ngumu. Safu ya umbali isijazwe na mtu. Iandikwe kwa hesabu. Kama tundu ni 10 au chini yake, umbali ni 25. Kama ni mpaka 12, ni 80. Na kuendelea hivyo mpaka 40. Likizidi 40, tablo ikatae kabisa na kuandika «wavu huu hapana», maana kando ya konvoyeri ni nani mwenye nafasi ya milimita 850? Halafu safu hiyo ifungwe, mtu asiweze kuandika juu yake kwa haraka ya saa kumi na moja jioni.

Kuna jambo lingine ambalo mchoro hauonyeshi kwa macho: uzito. Bamba la chuma la mita 1 kwa mita 1, unene milimita 3, lina kilo 23 na nusu. Likue kuwa mita 1,4 kwa mita 2, unene uleule, linafika karibu kilo 66. Juu ya kioo cha ordinatere yote mawili yanafanana. Lakini mtu wa kupaka grisi anayetakiwa kuinua kilo 66 kila wiki ataumia mgongo, au ataiacha karteri chini, na hapo tumerudi mwanzo. Programu inajua kuhesabu uzito ikiambiwa ni chuma gani. Basi tuwe na safu ya uzito, na karteri yoyote inayozidi kilo 25 igawanywe vipande viwili vyenye mikono ya kushikia.

Kabla ya kutoa tablo atelie, ijengwe karteri ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote, kisha zitazamwe kwa macho. Makosa yanajificha pembeni. Ile ya katikati ndiyo iliyochorwa kwanza, nayo haikosi kuwa nzuri.

Na kama mnatafuta haraka kweli, punguzeni mistari. Tukikubaliana na magazini kwamba wavu ni wa tundu 10 peke yake, karteri 36 zinakuwa 12. Desinatere akipanga matundu ya mabulo sawasawa pande zote mbili, ya kushoto inafunga kulia, na 12 zinakuwa 6. Hizo sita zinaweza kukaa tayari magazini.

Kila moja ichukue namba yake kutoka kwenye mstari wa tablo, kwa mfano K-800-10: mkanda wa 800, tundu la 10. Namba hiyo ipigwe kwa nyundo ndani ya chuma, isiandikwe kwa rangi. Anayekuta namba ya 10 juu ya fremu na wavu wa tundu 40 ndani yake, aite shefu wa timu kabla mkanda haujawashwa.