Kilomita kwa Lita, au Lita kwa Kilomita?

Malori yapandayo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Nairobi, yakiisha kuziacha Mariakani na Samburu, huingia Taru, katika nyika ya Kwale, yakiwa bado na safari ndefu mbele yake. Na kila mwenye lori aliyepata kumtuma dereva njia hiyo amewahi kujiuliza dizeli yake imekwenda wapi. Jawabu lake aghalabu limefichwa na kipimo chenyewe.

Zama za ukoloni hesabu ilikuwa ya maili kwa galani. Kipimo hicho kina utata, kwa kuwa galani ya Kiingereza ni lita 4.546, ilhali ya Kimarekani ni lita 3.785 tu, hivyo gari lisifiwalo London kuwa laenda maili 30 kwa galani huenda kilomita 10.6 kwa lita, na lisifiwalo Chicago kwa idadi iyo hiyo huenda 12.8. Nao Waingereza, ajabu yao, siku hizi huuziwa petroli kwa lita, lakini wakiulizwa habari za gari hurejea kwenye galani.

Amma tofauti iliyo nzito si ya maili na kilomita, bali ni ya jinsi swali linavyoulizwa. Sisi, kama Wajapani ambao magari yao yaliyotumika yamejaa barabarani kwetu, huuliza lita moja itatufikisha wapi. Watu wa bara la Ulaya huuliza kilomita 100 zitakula lita ngapi, na kwa rai yangu swali lao ndilo lenye insafu, maana msafiri hujua aendako kabla ya kujua atakachotumia. Gari dogo likitoka kilomita 10 kwa lita likafika 20, mwenyewe hushangilia, kumbe katika kila kilomita 100 ameokoa lita 5. Ilhali lori likitoka kilomita 2 likafika 2.5, jambo ambalo hakuna atakayelipigia vigelegele, limeokoa lita 10.

Taabu huzidi katika wastani. Tuseme lori lapanda Nairobi na shehena yake, mwendo wa kilomita 480 hivi, kwa kilomita 2 kwa lita, kisha lateremka tupu kwa kilomita 3. Mwenye haraka atajumlisha 2 na 3, agawe kwa mbili, apate 2.5, amwekee dereva lita 384 za kwenda na kurudi. Lakini kupanda kwala lita 240 na kuteremka 160, jumla 400. Na zile lita 16 zilizopungua ni kilomita 48 za njia ya kurudi, yaani lori litakuwa limekwisha kuipita Taru, lizimike kabla ya Mariakani, na dereva, asiye na kosa lolote, ashukiwe kuwa ameuza mafuta njiani.