Mgeni wa Bagara na Kibali cha Miaka Miwili

Bagara ni kata mojawapo ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, na upande wake unaoitwa Bagara Ziwani umeshuka hadi kwenye maji ya Ziwa Babati. Mgeni kutoka nje ya nchi akilitazama ziwa lile kwa mara ya kwanza, viboko wakiwa wamezama mpaka masikioni na Mlima Kwaraa ukiwa juu ya mji, huwa ameshaamua kwamba pale panakalika. Panakalika kweli. Ila kukaa kwenyewe kuna taratibu zake, na wageni wengi huzigundua moja baada ya nyingine, tena kwa gharama, kwa sababu hakuna aliyewaeleza mapema.

Duniani kuna miji ya ziwani iliyozoea wageni wa aina nyingine. Pembeni mwa Ziwa Chapala, ziwa kubwa kuliko yote nchini Mexico, katika jimbo la Jalisco, wanaishi maelfu ya wastaafu kutoka Marekani na Kanada, hasa katika mji wa Ajijic. Wao hulalamika kuhusu foleni za uhamiaji, umeme, maji, mafundi wasiotokea na kodi za nyumba zinazopanda. Lakini sheria ya Mexico inamruhusu mgeni wa pale kununua nyumba kwa jina lake, na akimaliza miaka minne ya ukaazi wa muda anaweza kupewa ukaazi wa kudumu. Mgeni wa Bagara hana mlango wa kwanza wala wa pili, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha usumbufu wake mwingi.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Wageni wa Manyara si wastaafu waliofuata jua, ni watu waliofuata kazi. Hospitali ya Haydom wilayani Mbulu ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway, na tangu hapo madaktari na wauguzi wa Kinorwe wamekuwa wakija na familia zao. Wasweden waliijua Babati kupitia miradi ya hifadhi ya ardhi iliyofadhiliwa na shirika lao la misaada, Sida, na Chuo Kikuu cha Södertörn kimeleta wanafunzi wake mara nyingi kufanya utafiti vijijini. Wapo mapadri na masista, wapo wanaojitolea mashuleni, na wapo waume na wake wa Watanzania waliofuata wenza wao. Mtu wa namna hii anahitaji nyumba, laini ya simu, akaunti ya benki na ruhusa ya kufanya kazi. Yote manne yanategemea karatasi moja.

Karatasi hiyo ni kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Kipo cha daraja A kwa mwekezaji na anayejiajiri, daraja B kwa mwajiriwa, na daraja C kwa makundi mengine kama wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Kwa kawaida huwa cha miaka miwili. Mwajiriwa lazima awe na kibali cha pili, cha kazi, ambacho hutoka kwa Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Mtafiti naye anatakiwa kupita kwanza COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ni milango mitatu, na kila mlango una ada yake, fomu yake na muda wake wa kusubiri.

Tangu mwaka 2018 maombi ya uhamiaji yanafanyika kwa mtandao, na huo ni unafuu mkubwa kwa mtu wa Babati, ambaye zamani angepeleka bahasha kwa basi. Lakini mtandao haujaondoa jambo linalowachosha watu zaidi, yaani kwamba kibali cha kazi na kibali cha ukaazi havianzi siku moja wala haviishi siku moja. Kimoja kikichelewa, cha pili hukwama. Katikati ya kipindi hicho mgeni yupo, mwajiri anamhitaji, mwenye nyumba anadai kodi, na yeye hana uhakika kama mwezi ujao atakuwa anaishi kihalali. Wageni huliita jambo hili urasimu na kuishia hapo. Mimi naona tatizo ni mahususi zaidi: sheria mbili zilitungwa kwa nyakati mbili na zinasimamiwa na ofisi mbili, na anayezioanisha ni mwombaji mwenyewe.

Kuna pengo jingine lisilozungumzwa sana. Sheria ya ajira za wageni inaweka ukomo wa jumla ya miaka ambayo mwajiriwa anaweza kuwa na kibali cha kazi. Sheria ya Uraia, nayo ya mwaka 1995, inamtaka anayeomba uraia wa tajnisi awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, pamoja na jumla ya miaka saba ndani ya miaka kumi iliyotangulia. Mtu mzima hawezi kubaki na uraia wa nchi mbili, hivyo akipewa huu lazima aukane ule wa kwao. Kwa hiyo mwalimu au fundi aliyekuja kwa mkataba wa kazi anaweza kufika ukomo wa kibali kabla hajafika kwenye mstari wa uraia. Atakuwa amejifunza Kiswahili, amezoea baridi ya Juni na amezika majirani, lakini kwa karatasi bado ni mpita njia.

Sasa tazama karatasi za mgeni, kibali na pasipoti, zinavyogusa maisha ya kila siku. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, uliokamilishwa kwa kuzima laini zisizosajiliwa kuanzia Januari 2020, unamtaka mgeni atumie pasipoti. Pasipoti mpya huja na namba mpya, na hapo laini, benki na kibali vinakuwa na namba mbili tofauti za mtu yuleyule. Kwa mkazi wa Babati simu ndiyo pochi. Kwa simu unalipa umeme, maji na ada za serikali kwa kumbukumbu namba, na hata mama wa nyanya sokoni unamtumia hela kwa simu. Laini ikifungwa, mtu anakaa nyumbani akiwa na fedha asizoweza kuzigusa.

Kuna jambo la LUKU nalo, yaani umeme wa kulipia kabla, ambalo nataka nilieleze polepole kwa sababu limezua ugomvi mwingi usio na msingi. Mpangaji ananunua umeme wa shilingi 10,000, anapokea tarakimu 20, anaziingiza kwenye mita, kisha anakuta uniti ni chache kuliko za wiki iliyopita kwa fedha ileile. Anahisi ameibiwa, na wa kwanza kushukiwa ni kijana aliyemuuzia. Kinachotokea ni hiki: tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia ununuzi wa umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapanda kuwa 1,500. Hukatwa mara moja kwa mwezi, na usiponunua umeme mwezi mzima deni hukusubiri. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Dawa yake ni sentensi moja ndani ya mkataba wa pango, itakayosema nani anaibeba. Mikataba mingi haina sentensi hiyo.

Nyumba zenyewe hupatikana kwa dalali, ambaye kwa desturi huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Mgeni aliyezoea kulipa mwezi kwa mwezi huona kama hatambuliki kuwa mwaminifu, wakati hata mwalimu aliyehamishwa kutoka Kondoa hulipa vivyo hivyo. Kwenye sarafu ana haki ya kukataa: kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Kodi ya nyumba ya Bagara itajwe kwa shilingi, hata kama mpangaji analipwa mshahara wake kwa euro.

Wanaojeruhiwa zaidi na sheria mpya ni wenza wa Watanzania. Amri ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ukarabati wa simu, saluni, uongozaji wa watalii na ununuzi wa mazao shambani. Lengo lake ni kumlinda mfanyabiashara mdogo wa Kitanzania, nami naliunga mkono. Lakini mke wa kigeni aliyeolewa Bagara, mwenye watoto raia, akitaka kufungua kiduka cha vitenge kwa jina lake, anasimama kwenye mstari mmoja na tajiri aliyeingia jana. Hapo ndipo sheria ingefaa kutofautisha watu.

Tukija kwenye ardhi, maoni yangu ni tofauti kabisa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hatamilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliosajiliwa. Wageni wengi huliona hili kuwa kubwa kuliko kero zote, na baadhi hulizunguka kwa kununua kiwanja kwa jina la rafiki, mlinzi au mchumba. Nawaomba wasifanye hivyo. Hati ikiwa na jina la mwingine, mwenye jina ndiye mwenye kiwanja. Akifa, warithi wake ndio wanaorithi. Akibadili mawazo, mgeni atakwenda mahakamani na ushahidi unaoonyesha kwamba yeye mwenyewe alikwepa sheria. Anachoweza kupata kwa usalama ni pango la muda mrefu lenye maandishi.

Na kizuizi hiki kibaki. Manyara inajua uchungu wa ardhi: Bonde la Kiru, hapahapa Babati, lina historia ndefu ya migogoro kati ya wawekezaji wa mashamba na wanavijiji wanaoyazunguka. Ukanda wa ziwa ungefunguliwa kwa fedha za nje, wavuvi wa kambale na wakulima wa bustani za mchicha wasingeweza kushindana nazo. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hilo linamhusu raia na mgeni sawasawa. Waliokuwepo wakati wa mafuriko ya mwaka 1990, ziwa lilipofurika na kuingia mjini, hawahitaji kuelezwa sababu. Mita hizo ndizo njia ya viboko pia. Usiku hutoka kula majani, na mtu anayerudi kwa miguu gizani kando ya maji anajiweka katikati ya kiboko na ziwa, mahali pabaya kuliko pote pa kusimama.

Kuhusu maji ya kunywa, jambo moja tu, kwa kuwa wengi hulikosea. Katika ukanda wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania vyanzo vingi vina madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa kuchemka, floridi huzidi kukolea. Mwenye watoto wadogo aulize chanzo cha maji yake na kipimo chake kabla ya kuhamia, asisubiri meno ya watoto yabadilike rangi.

Limebaki suala la majirani, na hapa mgeni ndiye anayepaswa kubadilika. Wiki chache baada ya kuhamia ataletewa kadi ya mchango wa harusi ya mtu asiyemjua, kisha ataandikwa kwenye daftari la msiba. Wengi hukasirika, wakidhani wanakamuliwa kwa sababu ya rangi yao. Daftari lile lina jina la kila kaya ya mtaa na kiasi ilichotoa, na jirani anayefungua genge alfajiri amo ndani yake. Kuandikwa humo maana yake siku mgeni akiugua usiku wa manane, kuna watu watakaojiona wana wajibu wa kutafuta gari la kumpeleka hospitali ya Mrara, na ikibidi Arusha, kilomita zaidi ya 160. Atoe anachoweza. Si lazima kiwe kikubwa kuliko cha wengine, na kiwango kikubwa mno humharibia mgeni atakayefuata.

Kwa Halmashauri ya Mji wa Babati, ombi langu ni dogo na halina gharama: karatasi moja kwa Kiswahili na Kiingereza, ibandikwe ofisi ya kata na kwa wenyeviti wa mitaa, ieleze vibali, kodi ya majengo, mita 60 na namba ya ofisi ya uhamiaji ya mkoa. Kwa wewe mwenye nyumba wa Bagara unayempokea mgeni: omba nakala ya kibali chake kabla ya kupokea kodi, kwa sababu kumhifadhi asiye na kibali ni kosa lako pia. Andikianeni mkataba kwa shilingi, utaje nani analipa kodi ya majengo, kisha muupeleke kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa wote wawili.