Umeme wa Maji Hupangwa kwa Mto Mzima

Nguvu inayopatikana katika kituo cha umeme wa maji hutegemea mambo mawili makuu: wingi wa maji yanayopita katika mitambo kwa kila sekunde, na kimo cha anguko, yaani tofauti ya urefu kati ya mahali maji yanapochukuliwa na mahali yanapozungusha turbini. Kituo cha Kihansi nchini Tanzania kina bwawa dogo, lakini kwa kuwa maji yake huanguka takriban mita 850, kinaweza kufua megawati 180. Kimo hicho hakibadiliki, ilhali wingi wa maji hutegemea mvua, misitu na matumizi ya wakazi wa sehemu za juu za mto. Kwa hiyo upembuzi yakinifu, ambao ni uchunguzi wa kubaini kama mradi unafaa kujengwa, hauna budi kuukagua mto mzima.

Mto Ruaha Mkuu unalithibitisha jambo hili. Bwawa la Mtera lilijengwa ili lihifadhi maji ya masika na kuyaachia wakati wa kiangazi yaendeshe mitambo ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204. Hata hivyo, tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kabla haujafika Mtera, hasa kwa sababu mabanio ya mashamba ya mpunga huko Usangu, sehemu ya juu ya mto, huendelea kuchepusha maji hata mvua zinapokwisha. Mwaka 2006, ukame uliposhusha kina cha Mtera, nchi iliingia katika mgawo wa umeme.

Upande wa chini wa bwawa nao una haki yake. Huko Kihansi, maji yalipochepushwa kwenda mitamboni, manyunyu ya maporomoko yalipungua na kudhoofisha makazi pekee ya chura mdogo anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 akaanza kurejeshwa kutoka Marekani alikokuwa akifugwa. Maji ya mazingira, yaani kiasi kinachoachwa mtoni kwa ajili ya viumbe na watu, hupaswa kukadiriwa kabla ya ujenzi.

Mafunzo hayo yana uzito mkubwa zaidi sasa, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, linategemea Mto Rufiji, ambao zaidi ya nusu ya maji yake hutoka Mto Kilombero. Kwa nchi inayoendelea iliyowekeza matrilioni ya shilingi katika ukuta mmoja, kutenga sehemu ya mapato ya umeme kwa ajili ya kuhifadhi vyanzo na kuboresha mifereji ya wakulima ni gharama halali ya uzalishaji, inayostahili kuingizwa katika bajeti tangu siku mradi unapobuniwa.