Koti la kwenye sinema: fundi atapata wapi vifaa?

Msikilizaji, ukimpelekea fundi wa hapa Mpanda picha ya koti la sinema, kazi ngumu si kushona, ni kupata vifaa. Hata wenye sinema huhangaika. Ruth E. Carter, mbunifu wa mavazi ya Black Panther aliyeshinda Oscar mwaka 2019, alitumia mablanketi ya Wabasotho wa Lesotho. Yalipochapwa rangi ya fedha upande mmoja yakawa mazito, ikabidi yanyolewe.

Kwetu, anza na mitumba. Koti kuukuu la ngozi linakupa ngozi, zipu na vifungo kwa mkupuo mmoja. Likikosekana, ile ngozi ya plastiki ya kuvalishia viti vya bodaboda inafaa, ila ina joto kweli! Mwambie fundi aweke bitana ya pamba, na asiibane kwa pini, maana tundu halizibiki.

Kama koti lina ngozi ya chui, nunua kitambaa chenye madoadoa. Usipokee kipande kilicholetwa usiku kutoka porini. Ngozi hiyo ni nyara ya Serikali, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kukutwa nayo bila kibali kunaweza kukufunga miaka 20 au zaidi. Fundi aliyekutwa nayo mezani naye hasalimiki.