Ugonile: Swali la Kumuuliza Aliyechoka Kuishi

Asubuhi ya Tukuyu, ukungu ukiwa bado umeshika migomba, watu wakikutana njiani husalimiana kwa Kinyakyusa: "Ugonile?" Umelala? Jibu huja lenyewe kwamba tumelala, tunashukuru. Hata aliyekesha akihesabu mabati hujibu hivyo hivyo, maana salamu ni adabu, na barabarani si mahali pa kusimulia usiku ulivyokuwa.

Laiti tungelijibu swali hilo kwa ukweli! Kukosa usingizi siku nyingi mfululizo ni mojawapo ya dalili za mtu aliyezidiwa na mawazo, na wakati mwingine za mtu aliyeanza kuwaza kujiua. Mwingine hujitenga na wenzake, akaacha kwaya au mpira alioupenda. Mwingine hugawa vitu vyake, au huaga watu ilhali hana safari. Na wengi husema, tena kwa Kiswahili chepesi kabisa: "nimechoka," "sina faida," "nikiondoka mtapumua." Tunayasikia maneno hayo jikoni, kilabuni kwenye ulanzi, kijiweni kwa bodaboda pale Mwanjelwa, na tunayajibu kwa neno moja: jikaze.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Karibu robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hii ni sababu ya tatu ya vifo duniani.

Nini humfikisha mtu hapo? Thomas Joiner, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa mwaka 2005 maelezo ambayo naona yanatugusa sana sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Anasema hamu ya kufa hukomaa pale hisia mbili zinapokutana: kwamba huna mtu wako, na kwamba wewe ni mzigo kwa walio wako. Hiyo ya pili ndiyo inayosemwa na "nikiondoka mtapumua." Msikilizaji hudhani ni hasira au kutafuta huruma, kumbe ni hesabu ambayo msemaji ameshaifanya, akapata jibu lisilo sahihi. Akili iliyoumia huona kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi: kipo kitu kimoja tu mbele, na pembeni giza. Deni, ugonjwa, mapenzi yaliyovunjika, kesi ya shamba, kila kimoja huonekana hakina njia nyingine. Pombe huufanya mwanzi huo uwe mwembamba zaidi, ingawa mnywaji hudhani anapunguza mawazo.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Utani wa makabila umewabandika Wahehe sifa kwamba wakikasirika hawakawii kujiua, na jina la kiongozi wao wa zamani, Mtwa Mkwawa, hutajwa kama ushahidi. Mkwawa alikufa kwa kujiua Julai 1898, baada ya miaka saba ya vita na kuwindwa na jeshi la Wajerumani, na fuvu lake lililochukuliwa halikurudi nyumbani Kalenga hadi 1954. Hiyo ni historia ya vita na uvamizi. Haimwelezi kijana wa leo wa Kilolo aliyefeli mtihani au mama wa Mafinga anayedaiwa mkopo. Sayansi haijui damu ya kabila inayojiua. Inajua sonona, ulevi, maumivu ya muda mrefu, ukatili wa nyumbani, kufiwa, upweke, na ndiyo, hatari kiasi inayoweza kurithiwa ndani ya ukoo wowote, wa Mhehe au wa Mswidi. Utani huu una madhara, kwa sababu jamaa wakiamini jambo limo damuni hawaulizi tena. Wanasubiri.

Na kuuliza ndiko kunakotutisha. Wengi tunaamini kwamba ukimtajia mtu kujiua, umempandikizia wazo. Hofu hiyo ilipimwa. Madelyn Gould na wenzake walichapisha mwaka 2005 utafiti wa wanafunzi 2,342 wa shule sita za sekondari katika jimbo la New York. Baadhi waliulizwa wazi kama wamewahi kuwaza kujiua, wengine hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuonyesha dhiki zaidi ya wenzao, wala mawazo hayo hayakuongezeka kwao. Wale waliokuwa hatarini tangu mwanzo walionekana kupata nafuu kidogo kwa kuulizwa tu. Swali halipandi mbegu. Mbegu kama ipo, ilikuwepo.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote, hata hivyo, ulifanyika katika nchi zisizo na fedha nyingi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua huko Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa mazungumzo ya saa moja, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara tisa ndani ya miezi 18. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: katika kundi la kawaida waliokuja kufa kwa kujiua walikuwa asilimia 2.2; katika kundi lililofuatiliwa, asilimia 0.2. Hapakuwa na mashine wala dawa mpya. Palikuwa na mtu aliyepiga hodi akauliza, "Unaendeleaje?"

Zimbabwe nako, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Matokeo ya mwaka 2016 kutoka Harare yalionyesha kwamba baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 ya waliokaa na bibi hao, dhidi ya asilimia 50 ya wengine. Benchi hilo lilifika hadi Zanzibar.

Wazee wa Rungwe wasingeshangaa. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwa urefu juu ya ukwangala, yaani raha na wajibu wa kukaa na kuzungumza na wenzako wa rika. Vijana walijenga vijiji vyao vya rika, na mtu asiyekaa na wenzake alitazamwa kwa mashaka. Leo vijiji hivyo havipo, na rika limetawanyika Tunduma, Dar es Salaam na migodini. Lakini hitaji la ukwangala halikutawanyika.

Sheria nayo haitusaidii. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Familia yenye hofu ya polisi itasema ni ajali, na mgonjwa atatibiwa mwili tu. Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha aina hiyo Januari 2025. Na sisi tukifute.

Basi ukimwona mwenzako amebadilika, kaa naye faraghani, umuulize bila kuzunguka: "Umefikia kuwaza kujiua?" Akikubali, usimhubirie wala usimwambie wapo wenye shida kuliko yeye. Msikilize. Usiahidi kuficha siri hiyo. Usimwache peke yake, na hakikisha hakuna karibu naye kitu cha kujidhuru. Mpeleke kituo cha afya. Hospitali za rufaa za Mbeya na Iringa zina huduma ya afya ya akili. Kisha kesho rudi, na keshokutwa.

Na wewe unayesoma haya ukiwa hukulala jana, ukijiona mzigo: kati ya watu kumi walionusurika baada ya kujaribu kujiua, takriban tisa hawafi kwa njia hiyo baadaye. Wimbi hupanda, na hushuka. Mwambie mtu mmoja leo, kabla ya usiku. Kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya ni namba 199, na cha watoto ni 116. Zote hazina malipo.